Herufi Kumi na Tisa za Papa Feruzi

FERUZI, O.L., na herufi nyingine kumi na saba
Duka la Miwani «Uone Mbali»
Avenue ya saba, komini ya Tshopo
Kisangani, tarehe 11 Februari

Kwa Bwana Mwenyekiti,
Kamati ya Mkoa ya Vyeo vya Wataalamu wa Miwani

Yahusu: Malalamiko dhidi ya amri ya kunipunguzia cheo

Bwana Mwenyekiti,

Nakusalimu wewe na wote mnaoketi pamoja kwenye meza hiyo ya kamati, nikitumaini kwamba mvua za wiki hii hazikuingia ofisini kwenu jinsi zilivyoingia dukani kwangu. Barua hii ina kurasa ishirini na mbili. Usishtuke. Maneno si mengi kiasi hicho, ila mimi huandika kwa herufi kubwa, na ninafanya hivyo kwa heshima. Watu wa daraja lako hawaandikiwi kwa mwandiko wa kusongamana.

Nimepokea barua yenu ya tarehe 3. Juu kabisa, kwa wino mzito, mmeandika kwamba mtaalamu wa miwani mwenye kibali anaruhusiwa kuweka herufi mbili tu baada ya jina lake kwenye ubao wa duka, nazo ni O.L., yaani opticien-lunetier. Chini ya hapo kuna mistari mingine iliyochapwa kwa udogo wa dharau, kana kwamba mlikuwa mnaona uchungu kumaliza karatasi. Hiyo sikupoteza wakati nayo, kwa kuwa jambo lenyewe nilikuwa nimekwisha kulielewa.

Mimi nina herufi kumi na tisa. Kibali changu kinakwisha mwisho wa mwezi huu, na ninyi ndio mnaokitia mhuri upya. Maana yake ni kwamba nikishikilia herufi zangu nitafunga duka, na nikifuta herufi zangu nitakuwa na duka lakini sitakuwa na jina. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na miwili. Sijui nyingine, na kwa umri nilio nao hakuna atakayenichukua kunifundisha kushona viatu. Nasema wazi kwamba ninaogopa, na ni kwa sababu ya woga huo nimeamua kuwaandikia kwa utaratibu, jambo moja baada ya jingine.

1. Kuhusu mahali zilikotoka herufi zangu.

Kuna watu mjini humu wanaosema kwamba nimeziokota. Naomba kamati ijue kila moja ilikotoka.

Ubao wangu una mistari mitano. Wa kwanza ni jina langu. Wa pili ni O.L., ambazo nilizipata kwa miaka mitatu ya shule, na hizo hamna ugomvi nazo.

Mstari wa tatu una herufi nne. Zilitokana na semina ya siku sita kuhusu fremu za plastiki. Mkufunzi hakufika, kwa sababu boti lake lilikwama kwenye mchanga huko chini ya mto, na maji ya mwaka ule yalikuwa haba. Sisi wanafunzi tukafundishana wenyewe, tukapeana mtihani, tukasahihishana, na wote tukafaulu kwa alama za juu. Tangu nizaliwe sijaona darasa lenye nidhamu namna ile.

Mstari wa nne una herufi tano. Tatu nilipewa kwa heshima na chama cha waendesha toleka wa komini yetu, kwa kuwa niliwapatia vijana hao wa baiskeli miwani ya jua iliyokosa wanunuzi. Mbili nilipewa na maveterani wa mpira, nilipokuwa mwamuzi wa pembeni msimu mzima. Msimu uliofuata hawakuniita tena. Nadhani ni wivu.

Mstari wa tano ndio fahari yangu. Una herufi nane, na ndio mdogo kuliko yote. Nne nilizipata Yangambi. Nilipanda boti kwenda kule kuwapima macho watafiti, nikakuta siku hiyo wana mkutano juu ya magonjwa ya migomba. Nilipoletewa karatasi nilitia sahihi, na jioni wakanipa cheti cha migomba. Sikukirudisha, maana kukataa cheti cha mwenyeji ni utovu wa adabu. Tatu nilizipata Masako, ambako wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wakihesabu panya wa msituni kwa siku tatu. Mimi nilihesabu wachache kuliko watu wote, na mwalimu wao akaandika kwamba uangalifu wangu ni wa pekee. Herufi ya nane nilijiongezea mwenyewe, kwa sababu saba zilikuwa zinaegemea upande mmoja wa ubao. Hii nakiri mapema, ili msije mkasema nimewaficha kitu.

2. Kuhusu kazi ambayo herufi hizi zinafanya.

Hapa ndipo kamati imekosea zaidi, na naomba msome polepole.

Zamani nilikuwa na ubao wa karatasi wa kupimia macho, ule wa herufi kubwa juu na ndogo chini. Mchwa waliula wote isipokuwa misumari. Mwezi huohuo nilikuwa nimemwita Landry, kijana mchoraji wa vibao, anipakie jina na cheo kwenye mbao, juu ya ukuta wa nyuma wa duka, pale karibu na dari. Landry alianza kwa moyo mkunjufu mno. Jina langu peke yake lilimeza karibu nusu ya mbao. Alipofika kwenye O.L. akashtuka, akapunguza ukubwa. Mstari wa tatu akapunguza tena. Wa nne akaupaka kwa ncha ya brashi, huku akiomba msamaha.

Nilikasirika, sitaficha. Lakini nilipokwenda kuketi kwenye kiti cha mteja, kule mlangoni, nikainua macho, nilielewa kilichotokea. Kubwa juu, ndogo chini. Cheo changu kilikuwa kimegeuka kifaa cha kitabibu bila mimi kuomba. Tangu siku hiyo kila anayeingia dukani anaketi mlangoni, nami nasimama kando yake kama kazi inavyotaka, na anasoma herufi zangu kuanzia juu kwenda chini. Anayekwama, ana ugonjwa. Anayemaliza, ni mzima.

Miaka miwili iliyopita nilimwita Landry tena aongeze mstari wa tano. Alipanda ngazi, akakaa kule juu muda mrefu, akashuka na kopo lake. Kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimekwisha kuinua macho nikiwa palepale mlangoni, nikamwambia kwamba mstari ule ni mzuri kuliko yote aliyowahi kupaka maishani mwake. Akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, akaaga, akaondoka. Vijana wenye adabu ya namna hiyo wamebaki wachache.

Sasa ninyi mnataka zibaki O.L. peke yake, ambazo kila moja ni pana kuliko sahani ya fufu. Nani atashindwa kuzisoma? Mzee wa miaka tisini atazisoma. Mbuzi atazisoma. Mtakuwa mmewaponya wakazi wote wa Kisangani kwa barua moja, na serikali itashangaa kwa nini watu walioponywa wanajigonga kwenye milango.

3. Kuhusu matokeo, ambayo yanajisemea yenyewe.

Mwalimu Emile anafundisha darasa la sita shule ya jirani, na ni rafiki yangu wa siku nyingi. Kila anapopita asubuhi husimama mlangoni, huweka mkono kifuani, na kusoma mistari yote mitano bila kukosa hata herufi moja. Ana macho ya ajabu. Siku moja alisoma yote akiwa amegeukia barabarani, anamtazama mtu wa ndizi. Ni kweli kwamba akiondoka hujigonga kwenye mwimo wa mlango, na wanafunzi wake wanasema huandika ubaoni hadi ubao unakwisha, kisha anaendelea ukutani. Lakini hayo ni mambo ya miguu na mikono, si ya macho. Nimemshauri aende kwa daktari wa mifupa.

Si Emile peke yake. Waendesha toleka, mafundi redio, wazee wa avenue, wote wanasoma mstari wa tano vizuri kabisa, hasa wale wanaonifahamu. Wenye wivu wanasema wameukariri kwa kunisikia mimi nikiusoma kila asubuhi ninapofungua duka. Nami nawauliza hao wenye wivu: mtu asiyeuona mstari angekariri nini?

Upande wa pili wapo wagonjwa. Katika miaka hii miwili nimewagundua watu thelathini na mmoja walioketi kwenye kiti kile na kuniambia kwamba chini ya mstari wa nne hawaoni kitu. Ugonjwa huo huwapata zaidi wageni, watu wasiotoka avenue yetu. Nadhani ni vumbi la safari. Wote nimewapa miwani yenye vioo vizito.

Nitataja mmoja tu, Mama Georgette, anayeuza makayabu, wale samaki wa chumvi, sokoni. Mama huyu hakusoma shule, na hilo si kosa lake. Aliketi, akatazama, akaniambia hivi: «Papa Feruzi, kule juu iko jina yako. Katikati iko maherufi, miye sijue kusoma lakini naiona. Chini, bon, iko mbao tupu.» Mbao tupu! Mahali palipo na Yangambi na Masako! Nilimhurumia mpaka nikampa vioo vya nguvu kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Anavivaa hadi leo, ingawa amevipandisha juu ya paji la uso, nadhani kwa unyenyekevu, asije akaonekana anajidai.

4. Kuhusu mkaguzi wenu, Madame Prudence.

Sipendi kumsema mwanamke ambaye hayupo, tena aliyenijia kwa adabu na kalamu nzuri. Lakini hali yake inanilazimu.

Madame Prudence alifika dukani tarehe 20 Januari. Alisimama mlangoni, akahesabu, akaandika kwenye daftari lake kwamba ubao una herufi kumi na moja baada ya jina. Kumi na moja, Bwana Mwenyekiti. Mbili na nne na tano ni kumi na moja, kwa hiyo mstari wa tano wote umempita. Nilimwomba arudie. Akarudia, akapata kumi na moja. Nilimketisha kwenye kiti, nikamziba jicho moja, halafu la pili, nikamwuliza taratibu kuna nini chini ya mstari wa nne. Akanijibu: «Papa, alors, hapo hakuko kitu.»

Nilimpima bure, nikamwandikia miwani, naye akaikataa. Nasikia kwamba katika ripoti yake ameandika pia kwamba alipoingia nililisalimia kabati la fremu, nikaliuliza habari za watoto. Nilimsalimia yeye. Kama kabati lilikuwa jirani naye, salamu haziwezi kuchagua njia.

Nawauliza kwa unyenyekevu: mtu asiyeona herufi nane nyeusi juu ya mbao nyeupe anawezaje kuhukumu cheo cha mtu mwingine? Ripoti yake ni ya mgonjwa. Naomba ifutwe, na yeye mwenyewe apewe likizo ya kupumzisha macho. Nitakuwa wa kwanza kumpelekea machungwa.

5. Kuhusu heshima yangu, ambayo ndiyo inayoniuma.

Bwana Mwenyekiti, wewe ni mtu wa hapa na unajua jinsi mambo yanavyokwenda kwenye harusi na kwenye matanga. Mtu wa protokoli anashika kipaza sauti na kuwaita wageni kwa vyeo vyao wakaketi. Kuna Docteur, kuna Professeur, kuna Maître, kuna Honorable ambaye hata hakualikwa. Kila mmoja anaitwa, anapigiwa makofi, anapelekwa kwenye viti vya kitambaa.

Kwenye harusi ya mpwa wake Mwalimu Emile nilimpa mtu wa protokoli karatasi yenye herufi zangu zote kumi na tisa. Nilivaa shati la mikono mirefu. Nilisubiri. Waliita watu wote, hadi fundi wa jenereta aliitwa «Ingénieur». Mwishoni yule kijana akatazama karatasi yangu, akaikunja, akasema: «Na papa wa lunettes, iko kiti kule nyuma ya baffle.» Nilikula wali wangu nyuma ya spika hiyo, na masikio yalivuma hadi siku ya tatu.

Mke wangu Aïcha, ambaye tulitoka naye Maniema tukiwa vijana, alinirudisha nyumbani. Alinishika mkono, kwa kuwa barabara ilikuwa na mashimo na yeye huyaona kabla yangu. Usiku ule niliumia. Baba yangu alikuwa mtu wa kuandikiwa barua na wengine, na alitamani mtoto mmoja tu wa nyumba yetu aitwe kwa cheo mbele za watu. Herufi zile mnazoziita za ziada nilizikusanya kwa ajili yake, moja moja, kama mtu anavyookota kuni.

Na huku mkinibana mimi, ng'ambo ya barabara kuna Bwana Katembo, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, anayeuza miwani ya tayari ndani ya duka moja na misumari na mabati. Hana herufi hata moja. Wateja wanajaribu miwani wenyewe, wanatazama gazeti la zamani alilobandika ukutani, wakiona maneno wanaondoka wakicheka. Hakuna kupimwa, hakuna cheo, hakuna sherehe yoyote. Kamati haijamwandikia hata mstari, eti kwa sababu hana cha kufutiwa.

6. Kuhusu ninayoomba.

Kwanza, herufi zangu kumi na tisa zibaki, na kibali changu kitiwe mhuri kabla ya mwisho wa mwezi.

Pili, niruhusiwe kulaza baadhi ya herufi. Wapo wateja wengi wasiosoma, kama Mama Georgette, na hao wanapimwa kwa herufi E inayogeuzwa huku na huku, mgonjwa anaonyesha kwa mkono miguu ya hiyo E imeelekea wapi. Mimi ninayo E moja tu, ile ya maveterani wa mpira. Kanuni zenu zinasema cheo kisitundikwe kimepinda. Naomba cheo changu kiruhusiwe kulala ubavu siku za soko, na kusimama tena siku za kazi.

Tatu, kamati ianzishe haraka diploma yoyote ile yenye herufi Q. Nimetafuta Kisangani nzima sijapata semina ya Q, na wataalamu wote tunajua kwamba bila Q huwezi kumtofautisha mtu anayeona vizuri na mtu anayekisia O. Niko tayari kuhudhuria hata ikiwa ni ya kufuga samaki.

Nne, kwa kuwa ubao wangu umethibitika, utangazwe kuwa ubao rasmi wa mkoa. Kila duka la miwani, kuanzia Isangi hadi Banalia na Ubundu, litundike jina langu na cheo changu. Mgonjwa wa Ubundu akifika kwa mtaalamu wake atasoma FERUZI, na asipomaliza atapewa miwani. Kwa njia hiyo hata protokoli wa harusi za Ubundu watanifahamu.

Tano na mwisho, asiwepo mtu atakayeketi kwenye kamati yenu bila kwanza kuketi kwenye kiti changu, mlangoni, na kusoma mstari wa tano. Nawe, Bwana Mwenyekiti, nakuomba uje wa kwanza ili kuwapa wengine mfano. Nina hakika utausoma wote, kwa sababu wewe ni mtu mwenye heshima.

Msiniulize nina uhakika gani na macho yangu mwenyewe. Miaka ishirini na miwili katika kazi hii, sijavaa miwani hata siku moja. Mstari wa tano nauona kutoka mlangoni, nauona kutoka barabarani, na jioni umeme ukikatika nauona vilevile.

Ili kumaliza ubishi, nimemwomba Aïcha apande ngazi aufute ubao vumbi, kisha atapiga picha kwa simu, nami nitaiambatanisha na barua hii. Picha haina wivu wala likizo.

Nikingojea jibu lenu na mhuri wenu, nawasalimu wajumbe wote wa kamati, makarani, mlinzi wa lango aliyenipa kiti siku ile ya mvua, na familia zenu zote bila kumwacha mtu. Wasalimuni pia walioko safarini. Madame Prudence apewe pole ya pekee.

Wenu mtiifu katika kazi,

FERUZI, O.L., na zile nyingine

Nakala kwa taarifa: chefu, yaani mkuu, wa avenue ya saba; chama cha waendesha toleka; maveterani wa mpira; wakuu wa mkutano wa migomba, Yangambi; protokoli wa harusi.

Nyongeza.

Bwana Mwenyekiti, utaona kwamba mwandiko wa nyongeza hii ni mdogo na unafuata mistari ya karatasi. Sijapunguza heshima. Sababu utaiona hapa chini.

Aïcha alipanda ngazi na kitambaa chenye maji. Alifuta muda mrefu. Halafu akasema, bila kunitazama, akiniita kwa jina la mwanetu: «Papa Baraka, huku chini hakuko maandishi. Iko mbao tu.» Nilitaka kumwambia aketi kwenye kiti nimpime. Lakini huyu ndiye mtu anayeniongoza kwenye mashimo ya barabara kila siku, kwa hiyo nikapanda mwenyewe. Nilisogeza uso karibu hadi pua ikagusa ubao. Kulikuwa na mistari minne. Chini yake palikuwa na rangi nyeupe ya kutangulizia, safi kabisa, haijawahi kuguswa na brashi. Nilipapasa kwa kidole mwanzo hadi mwisho.

Nilimpigia simu Landry. Akasema: «Tonton, siku ile rangi nyeusi ilikwisha. Nilishuka nikuambie nitarudia kesho, ukaangalia juu ukasema iko muzuri kupita yote. Miye niko mutoto kwako. Ningekukatalia namna gani?»

Nilikwenda hadi kwa Mwalimu Emile. Yeye hakubisha hata kidogo. Akasema: «Ndugu yangu, nilikuwa nakusomea vile unapenda kusikia. Cheo ya mutu ni heshima. Donc, hata jina yako kule juu, miye naona wingu tu.» Kumbe rafiki yangu anapofuka polepole mbele ya mlango wangu, na mimi kila asubuhi nampongeza. Nina aibu, Bwana Mwenyekiti. Siandiki hivi kwa mapambo ya barua. Nina aibu sana.

Nilivuka barabara nikaingia kwa Katembo, nikajaribu miwani mbele ya gazeti lake la ukutani. Ya kwanza hapana, ya pili hapana, ya tatu nikaona misumari yote dukani mwake, mmoja mmoja. Ndiyo niliyovaa sasa. Emile nimempa ya nguvu zaidi, na amegundua kwamba ana wanafunzi arobaini na saba, alidhani ni thelathini.

Nikiwa nimeivaa nikasoma tena barua yenu, mara hii na mistari ile midogo. Mmeandika kwamba kanuni ya herufi mbili haivihusu vibao vilivyopakwa kabla ya mwaka huu, na kwamba naweza kubaki na herufi zangu kumi na moja bila wasiwasi. Mmeandika pia kwamba Madame Prudence amenisifu kwa ukarimu, na kwamba kitu pekee mnachoniomba kabla ya kutia mhuri ni nikapimwe macho.

Kwa hiyo naomba malalamiko yangu ya pili, ya tatu na ya nne yafutwe. La kwanza lipunguzeni mstari mmoja. Maombi yote yafutwe, isipokuwa lile la Q, ambalo bado naliona la maana. Wale watu thelathini na mmoja wenye macho mazima nimeanza kuwatafuta nyumba kwa nyumba ili nichukue miwani yangu na kuomba radhi. Mama Georgette amekataa kuirudisha, kwa kuwa inamshikia kitambaa cha kichwa vizuri. Madame Prudence mwambieni kwamba machungwa yako njiani, ila sababu imebadilika.

Kuhusu kupimwa, nimekubali. Nawaomba mnielekeze kwa mtaalamu yeyote mwenye kibali, hata kama ana herufi mbili tu. Ila asinipime kwa ubao wangu, kwa sababu huo nitausoma wote.